Udongo wa Chini ya Nyumba Yetu

Udongo mzuri kwa chungu ni mbaya kwa nyumba. Shangazi yangu, aliyenifundisha kufinyanga, alikuwa akisema hivyo huku akicheka, maana yeye aliishi tambarare kule Kalehe, karibu na kinamasi, ambako nyumba haina pa kuteremkia. Mimi niliolewa Bukavu, mji wa milimani kando ya ziwa. Huku kila nyumba ina pa kuteremkia.

Acha nieleze polepole, kwa sababu wengi wanaonunua bakuli zangu huniambia udongo ni udongo tu. Chukua donge la ukubwa wa ngumi. Lilowanishe kidogo, liviringishe kati ya viganja mpaka liwe kamba, kisha izungushe kamba hiyo kwenye kidole chako. Ikikatika, huo ni udongo wa kupandia maharage, uuache shambani. Ikijikunja bila kupasuka, umepata. Udongo wa namna hiyo hunywa maji taratibu na hauyaachii upesi. Ukinywa huvimba, ukikauka hujikaza, ukishiba huteleza kama sabuni. Mikononi mwangu hizo ni sifa. Chini ya msingi wa nyumba, katika mji wa miteremko na mvua kama wetu, ndizo zinazofanya watu waamke na kukuta jiko la jirani limehamia barabarani.

Nyumba yetu ilikuwa kama nyingi za hapa. Mume wangu aliuchonga mlima kwa jembe akapata uwanja mwembamba, akajenga juu yake. Mbele ilipita njia ya miguu. Nyuma, upande wa bondeni, uwanja uliishia ghafla, na chini ya ukingo huo, urefu wa watu wawili hivi, ulikuwapo uwanja mwingine na nyumba ya mama mmoja mzee, mjane, ambaye mtaa mzima tunamwita Koko kama tumwitavyo bibi yeyote. Juu ya ukingo tulikuwa tumejenga tanuri la matofali la kuchomea vyungu. Chini ya ukingo, kando ya jiko la Koko, tulikuwa tukitupa majivu na vyombo vilivyoharibika, miaka na miaka. Haya ninayoyasimulia yote yalitokea kati ya lile tanuri na lile jiko, na kilichokuwa hatarini ni nyumba yetu, pamoja na mama mzee aliyekuwa akilala chini yake.

Udongo wangu ulikuwa unatoka kwenye kinamasi kilekile cha shangazi. Alipofariki, mama mmoja wa kule aliendelea kunichimbia. Aliufunga kwenye magunia, ukaja kwa boti pamoja na ndizi na mihogo ya sokoni. Mimi niliuloweka kwenye pipa, nikautoa mizizi na vijiwe, kisha nikauchanganya na vigae vilivyosagwa. Hili la vigae huwashangaza watu. Chungu kikivunjika, mfinyanzi hakitupi chote. Vile vipande vizuri huvisaga kwa jiwe mpaka viwe kama mchanga, akavikandia ndani ya udongo mpya. Kilichokwisha kupita motoni hukizoeza kile ambacho bado hakijapita. Bila hivyo, chungu kitapasuka mara ya kwanza kitakapokaa juu ya mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa.

Sikuwa na gurudumu la kufinyangia. Nilipanga kamba za udongo moja juu ya nyingine, nikazilainisha kwa kipande cha kibuyu, na chombo kikishakuwa kigumu kidogo nikakisugua kwa kokoto ya ziwani mpaka king'ae. Nilitengeneza vyungu vya maharage na vya sombe, yale majani ya muhogo, bakuli za mchuzi wa sambaza, dagaa wa ziwani, sahani pana za bugali, vikombe vya chai. Vyombo vya kila siku. Kilichonifurahisha zaidi ni kuingia kwenye nyumba ya mtu nikakuta bakuli langu limeshika weusi wa moshi, limetumika hata ukingo umelika kwa kijiko.

Kisha vita vikasogea. Njia zikafungwa, boti zikaacha kuja kama zamani, na yule mama wa kinamasini akakimbia na watoto wake. Sijapata tena habari zake. Mume wangu alikuwa akipakia mizigo kwenye bohari moja mjini. Mizigo ilipokoma, waliambiwa wasubiri nyumbani. Alikaa mlangoni, akasubiri, viatu vya kazi miguuni, kama vile wangekuja kumwita kabla ya chai kupoa.

Jambo la kuumiza ni kwamba watu walivitaka vyungu vyangu kuliko wakati wowote. Makala yalikuwa yamepanda, na chungu cha udongo, ukishakichemsha, unaweza kukitoa motoni na kukifunika kwa kitambaa, maharage yakaendelea kuiva yenyewe. Akina mama walikuja mpaka mlangoni. Nami nilikuwa nakwangua kuta za pipa kwa kijiko.

Nilijaribu udongo mwingine. Niliutoa Bagira, upande mwingine wa mji, kwenye kiwanja cha dada yangu. Niliuchukua pia kando ya barabara, mahali walipokuwa wamekata mlima. Kila mara nilichoma, kila mara nilifungua tanuri nikiwa nimeshika pumzi. Kuna namna ya kuuliza chombo kama kimepona: unakigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kama kengele ndogo. Kilichopasuka hujibu kama ubao, hata kama ufa wenyewe huuoni. Niligonga vyombo kimoja kimoja, na tanuri zima likanijibu kama ubao. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alivikusanya vyote kwenye karai akaenda kuvimwaga chini ya ukingo, kama kawaida.

Siku chache baadaye alikuja na gunia begani.

Nilimwuliza unatoka wapi. Akaniambia ni kwa mtu mmoja wa Bagira, anachimba kisima, udongo anautupa tu. Nilichukua donge, nikaliviringisha, nikaizungusha kamba kwenye kidole. Ilikaa. Nikaikunja mara mbili, bado ilikaa. Niliketi pale pale chini nikalia, na mume wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu bohari ifungwe. Alinitania kwamba mama mtu mzima analilia matope.

Udongo ule ulikuwa wa rangi ya kahawia yenye wekundu, mzito, na ulikuwa na kitu ambacho ule wa kinamasini haukuwa nacho: ulisimama. Niliweza kupandisha ukuta wa chungu juu bila kuungoja ukauke kidogo. Nilichoma mara ya kwanza nikiwa na hofu, nikafungua, nikagonga, na vyombo vikalia. Vyote. Koko aliisikia ile milio kule chini akapaza sauti kuuliza kama tumefungua kanisa. Mume wangu akamjibu kwamba misa ya pili ni kesho.

Kuanzia hapo gunia lilikuja kila nilipomaliza lililotangulia. Aliondoka asubuhi na mapema kabla sijaamka vizuri, na nilipokuwa nikiwasha moto tayari amekaa, amenawa. Niliona jinsi alivyonyooka mgongo. Mwanamume aliyekuwa anakaa mlangoni sasa alikuwa na kazi. Niliusifu sana udongo ule mbele ya watu wote, na kila nilipousifu yeye aliinamisha kichwa, nikadhani ni aibu ya mtu asiyezoea kusifiwa.

Mvua zilipoanza, mlango wa nyuma ulianza kushika. Tulipunguza ubao kwa randa kidogo, ukafunguka, kisha ukashika tena. Halafu nikaona ufa nyuma ya kabati la vyombo. Ulianzia chini, ukapanda kwa kukunjana kama ngazi, ukifuata matofali. Ningeweza kuingiza ukucha.

Ningependa kila mwenye nyumba mlimani ayajue mambo haya, wala hayahitaji kusomea. Mlango unaoshika kila ukiunyoosha. Ufa wa ngazi. Mti unaoanza kuinamia bondeni. Maji yanayotoka mahali ambapo hayajawahi kutoka. Ukiona moja, tazama. Ukiona mawili, mwite mtu.

Tulimwita fundi wa kujenga, jirani wa mtaa wa juu, mtu asiyependa maneno mengi. Aliutazama ufa, akatoka nje akatazama paa, akarudi. Alisema lazima tujue kwanza kama nyumba bado inatembea au imeshasimama. Akapaka kipande cha saruji juu ya ufa, kutoka upande mmoja hadi mwingine, akakiita shahidi. Nyumba ikitembea, shahidi anakatika. Lakini saruji yake haikushika vizuri kwenye ukuta wenye unyevu, ikabanduka nzima, hatukujua kama imesema ndiyo au hapana. Basi nikamwambia nitamtengenezea shahidi mwenyewe. Nilifinyanga kibao chembamba kama biskuti, nikakichoma. Udongo uliochomwa ukiwa mwembamba hauwezi kujipinda. Ama ni mzima ama umekatika. Fundi akakipenda. Akakibandika ncha zote mbili kwa saruji kali, katikati kikauvuka ufa.

Mume wangu alisimama kukiangalia muda mrefu. Nilimwuliza ana nini. Akasema hana kitu. Kesho yake gunia halikuja.

Nilikuwa bado na udongo nusu pipa, nikaendelea. Nilikuwa nakanda, kiganja cha kulia kikisukuma, cha kushoto kikigeuza, nikahisi kitu kikinikata kwenye kidole. Nilidhani ni jiwe. Nililitoa nikalisuuza. Kilikuwa kigae.

Kigae ndani ya udongo si ajabu, watu wametupa vyombo ardhini tangu zamani. Ila hiki kilikuwa kipande cha kitako, na kwenye kitako palikuwa na mikwaruzo miwili ya ukucha, kama miezi michanga iliyopeana mgongo. Hiyo ni alama yangu. Ninaiweka chini ya kila chombo kabla hakijakauka. Na huo wekundu uliounguzwa upande mmoja niliukumbuka vizuri: ni wa bakuli za uchomaji wetu wa kwanza katika lile tanuri, mwaka tuliolijenga, tulipoweka kuni vibaya na zote zikaharibika. Tulicheka sana siku ile. Tulizimwaga chini ya ukingo.

Nilikaa na kile kigae mkononi, kidole kikitoka damu, nikaelewa kila kitu mara moja. Hakuna kisima Bagira.

Mume wangu alikuwa nje akipepea makala. Nilikiweka kigae juu ya kigoda mbele yake, alama ikitazama juu. Alikitazama, akaendelea kupepea.

"Ule mutu wa Bagira," nikamwambia, "anajua na kuandika kwa ukucha wangu?"

Akaweka pepeo chini.

"Ile kisima iko wapi?"

"Haiko Bagira," alisema. "Iko hapa chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya tanuri. Chini yetu."

Nilimwuliza tu kwa nini. Alijibu taratibu, akitazama makala. Alisema siku ile alipokwenda kumwaga vyombo vilivyopasuka aliteleza, karai likakwangua ukingo, na udongo uliotoka ukabaki umeshikana kama unga wa bugali. Akaujaribu kwenye kidole kama alivyoniona nikifanya. Alidhani ni gunia moja. Kisha nililia kwa furaha, kisha vyombo vikalia vyote.

"Kila gunia nilisema hii ni ya mwisho," alisema. "Lakini weye ulikuwa unaimba tena. Mimi ningekuambia nini? Nikuambie uache kuimba?"

Mimi sikuwa najua kwamba nilikuwa ninaimba.

Magoti yangu hayapendi ile njia ya kushukia kwa Koko, ndiyo maana kwa miezi yote sikuwa nimefika. Siku hiyo nilishuka nikishikilia majani, mume wangu nyuma yangu. Koko alikuwa anachambua sombe mlangoni. Aliponiona akacheka.

"Karibu, mama. Leo umekuya kuona choo?"

Nikamwuliza choo gani.

"Si ile bwana yako anachimba? Nilimwambia inatosha. Shimo kubwa vile, munataka parokia yote ikuye kukaa mule?"

Nyuma ya jiko lake, palipokuwa jalala letu la vigae, palikuwa na turubai lililofunikwa kwa majani ya migomba. Mume wangu alilivuta. Shimo lilikuwa linaingia ndani ya ukingo kama mdomo wa tanuri, mtu angeweza kuingia ameinama, na ndani alikuwa amesimamisha magogo ya mikaratusi kushikilia juu. Kuta zake zilikuwa safi sana, zinang'aa. Mfinyanzi yeyote angeziona nzuri. Maji yalikuwa yanatiririka mahali pamoja, membamba kama uzi, na yale magogo yalikuwa yameanza kuinama upande mmoja. Juu yake kulikuwa na tanuri. Nyuma ya tanuri, chumba chetu. Na hatua chache kutoka mdomo wa shimo, ukuta wa chumba cha Koko.

Mume wangu alimwambia Koko mwenyewe. Hakuacha neno. Koko alimsikiliza mpaka mwisho, majani ya sombe mkononi, kisha akanigeukia mimi.

"Basi miye nilikuwa nalala chini ya masahani yako," alisema.

Afadhali angetutukana.

Fundi aliitwa tena. Alichungulia shimoni bila kuingia, akasema lijazwe leo, si kesho, na Koko asilale pale. Mume wangu akauliza kama likijazwa nyumba itapona. Fundi alisema atakuwa mwongo akijibu.

Nieleze ni kwa nini, maana mimi mwenyewe nilihitaji kuelezwa. Udongo ambao haujaguswa umekaa mahali pake tangu mlima ulipokuwa mlima, kila punje imelala juu ya mwenzake. Ukishauchimba, haurudi kama ulivyokuwa, hata ukirudisha wote mpaka wa mwisho. Ni kama kukata kamba ya udongo na kuiunganisha tena: utailainisha, utaisugua, haitaonekana, lakini motoni itaachana palepale. Unachoweza ni kurudisha kidogo kidogo, tabaka jembamba, ulipige kwa mti mpaka ligome, uweke mawe na vigae katikati ili maji yapate pa kutokea, kisha tabaka lingine. Ni kazi ya kupigana na mvua, na mvua ilikuwa tayari imekaa juu ya ziwa.

Tulianza na udongo uliokuwa kwenye pipa. Haukutosha hata kufunika sakafu. Udongo mwingi wa lile shimo ulikuwa umeshakuwa vyungu, umekaa kwenye majiko ya watu mji mzima. Siwezi kwenda nyumba kwa nyumba kuuomba urudi.

Kwenye rafu vilikuwapo vyombo nilivyokwisha kufinyanga na kukausha, vinavyongoja kuchomwa. Chombo kikavu kisichochomwa bado ni udongo. Ukikitia maji kinakaa kidogo, kinatoa viputo, kisha kinalegea na kuwa matope kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kukigusa. Vilikuwa vyungu vya kutosha kujaza tanuri, vya akina mama waliokuwa wananingoja. Nilivishusha kwenye karai, kimoja juu ya kingine. Mume wangu alinizuia kwenye njia.

"Hivyo acha," alisema. "Hivyo tutachoma. Nitatafuta udongo ngambo ingine."

"Ngambo gani?" nikamwuliza. "Chini ya nani?"

Akanipisha.

Majirani walikuja, kama watu wa hapa wanavyokuja mlima unapohusika, bila kuitwa. Walijipanga kwenye mteremko wakapitishiana mawe, mchanga, matofali mabovu. Tulibomoa tanuri lenyewe, kwa kuwa uzito wake ulikuwa unakandamiza ukingo, na matofali yake yakaingia shimoni. Mtu mmoja alinitania akisema amewahi kuona watu wakizika mtu na wakizika mbwa, lakini mama anayezika masufuria hajamwona. Watu wakacheka, nami nikacheka, na mikono yangu ilikuwa inavunja bakuli nililolisugua kwa kokoto jana yake. Halivunjiki kwa sauti, bakuli bichi. Linakubali tu.

Mvua ilitukuta tumefika nusu. Tuliendelea mpaka matabaka yakaanza kuteleza chini ya ule mti wa kupigia, na fundi akasema basi, sasa tunaharibu. Tulifunika kwa turubai lilelile.

Koko alikataa kuhama. Watoto wake wako Bunyakiri, njia haipitiki, na alisema mtu mzima hahami kwa ajili ya shimo la jirani. Mume wangu alipiga magoti kwenye matope mbele yake, mtu wa umri wake, mbele ya watu. Koko aliutazama mlima, akamtazama yeye, akasema atahama ikiwa chungu chake cha maharage kitatangulia, na abebe yeye mwenyewe, kwa mikono miwili. Mume wangu alikibeba hivyo mpaka barabarani. Kilikuwa chungu nilichokifinyanga kwa udongo ule.

Kwenye ufa fundi alibandika shahidi mpya. Nilikuwa na kibao kimoja kilichobaki, nilikichoma pamoja na cha kwanza, kwa udongo uleule. Cha kwanza kilikuwa kimekatika wakati tulipokuwa tunafukia, na hakuna aliyesikia.

Sasa tuko Bagira, kwenye kiwanja cha dada yangu: sisi wawili chumba kimoja, Koko chumba cha watoto. Nyumba yetu bado imesimama, tupu. Kila asubuhi mume wangu huondoka kwa miguu kwenda kumtazama shahidi, na mimi hujua jibu kabla hajafika, kwa mwendo wake anapoingia kwenye uchochoro. Akitembea wima, shahidi ni mzima. Ndiyo habari tunayoila asubuhi kabla ya chai. Nimemwuliza mara moja kwa nini asiende baada ya mvua tu, akaniambia hawezi kukaa asijue.

Mikono yangu haina la kufanya. Nimeujaribu tena udongo wa kiwanja hiki, nikauongeza vigae zaidi, nikaongeza majivu, nikakausha polepole chini ya majani. Unapasuka. Watoto wa dada yangu nimewafundisha kuviringisha kamba kwenye kidole, nao wanazunguka mtaa mzima wakijaribu matope ya kila mfereji, wananiletea, nami ninaipokea kila kamba kwa heshima na kuwaonyesha mahali ilipokatika. Ninawaambia waendelee. Sijui kitu kingine cha kuwaambia watoto. Ila nimewawekea sharti moja: kila donge, waniambie limetoka wapi, nami niende nipaone kwa macho yangu.

Wiki hii mvua haikukatika siku mbili. Jana asubuhi Koko alikuwa amekwisha kukiipua chungu cha maharage na kukifunika kwa kitambaa, amekaa karibu na mbabula akiuponda muhogo, mimi nikichambua vigae kwenye kopo nilimokusanya vile vizuri. Mume wangu aliingia uchochoroni. Sikuweza kusoma mwendo wake, kwa sababu alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika.

Alifika, akaketi kwenye jiwe, akafungua kiganja. Shahidi alikuwa vipande viwili. Amekatika safi katikati, ule mkato mzuri wa udongo uliochomwa vizuri, hata ukiviunganisha huoni pa kupitisha unywele.

"Chumba cha nyuma kimeenda," alisema. "Na jiko la Koko. Ile ingine inangoja tu. Nimekuta batu wanatoa mabati, nimewaambia batoe."

Koko hakuinua kichwa. Alimwuliza tu kama kulikuwa na mtu ndani.

"Hapana, Koko. Hakuna mutu."

"Basi kula," alisema Koko, akaondoa kitambaa juu ya chungu.

Maharage yalikuwa yameiva. Chungu kilikuwa kimetoka motoni tangu kabla hajafika, na bado kilikuwa kinachemka ndani, polepole. Alimpakulia mume wangu kwanza. Alikula akiwa ameinama, na hatukumtazama.

Vile vipande viwili nilivichukua kiganjani mwake. Nilivigonga kimoja kwa kingine, kwa mazoea tu, vikalia. Nikavitia kwenye kopo la vigae pamoja na vingine.